Jinsi ya kupata barabara tulivu za baiskeli vijijini Uingereza, hatua kwa hatua

Kila mwaka jua likianza kutoka huku, kuanzia mwezi wa nne hivi, maswali yanakuja yaleyale. Nimenunua baiskeli, niende wapi ambako sitapishana na malori? Nilijaribu jumapili iliyopita nikafuata simu, ikanipeleka kwenye barabara ya magari mia mia nikageuza, sasa nifanyeje? Mi nimejibu haya mmoja mmoja kwa miaka, sasa nayaandika yote mahali pamoja ili ukisoma hapa uweze kutoka wikendi hii hii. Nazungumzia barabara za lami za vijijini England, zile nyembamba zinazopita kati ya mashamba, sio njia za matope za msituni.

Kabla ya yote shika jambo moja. Usiiulize simu njia ya kutoka mji huu kwenda mji ule, kwa sababu mwenye gari naye kauliza swali hilohilo na mmepewa jibu moja. We tafuta barabara ambayo mwenye gari hana sababu ya kuipita. Hatua zote hapa chini zinatoka kwenye hilo.

Vitu vya kuwa navyo

- Baiskeli yenye tairi za milimita 28 kwenda juu, mi napenda 32. Tairi nyembamba sana utapigwa na mashimo mpaka mikono ife ganzi.
- Tyubu mbili za akiba, sio moja, vijiti vya kutolea tairi, pampu, viraka na solusheni, na seti ndogo ya alenki. Kijijini hakuna fundi chini ya mwembe wa kukuzibia pancha, ukikwama ni wewe na mikono yako.
- Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Usiku ni lazima kisheria, pamoja na kiakisi mwanga chekundu nyuma, lakini washa hata mchana, maana dereva akitoka kwenye jua kali akaingia chini ya miti kwa sekunde kadhaa haoni kitu.
- Ramani ya Ordnance Survey (OS), shirika la ramani la serikali ya huku. Landranger, yenye jalada la pinki, sentimita 2 ni kilomita 1. Explorer, yenye jalada la machungwa, sentimita 4 ni kilomita 1. Kwa baiskeli Landranger inatosha kabisa.
- Koti la mvua hata kama asubuhi mbingu ni safi, maji chupa mbili, chakula, na sarafu kidogo. Sarafu ni kwa sababu vijijini watu huweka mayai getini na kisanduku pembeni, unachukua mayai unaacha hela, hakuna muuzaji.
- Helmeti sheria haikulazimishi, mi navaa kila siku.

Hatua ya 1: Chagua eneo kwanza, usichague mahali pa kufika

Tafuta stesheni ndogo ya treni iliyo mbali na motowei (barabara kuu ya magari ya kasi), halafu zunguka kutokea hapo na kurudi hapohapo. Suffolk kusini, Norfolk, Rutland, vilima vya Lincolnshire Wolds, Shropshire na Herefordshire, hizi ni sehemu zenye vijibarabara vingi na watu wachache. Zilizo karibu na London kama Surrey Hills ni nzuri kwa macho ila wikendi kuna magari mengi na baiskeli nyingi, mgeni anachoka roho.

Angalizo: watu wanakimbilia Fens, kule karibu na Ely na March, kwa sababu wamesikia ni tambarare kama meza. Ni kweli ni tambarare, lakini barabara zake nyingi zimenyooka kama rula, magari yanakimbia, pembeni kuna mtaro wa maji wenye kina na hakuna hata mti wa kukukinga na upepo. Kwa mara ya kwanza mi nakushauri sehemu yenye kona na viinuko vidogo, kona ndizo zinazopunguza mwendo wa gari.

Kuhusu treni: kampuni nyingi haziruhusu baiskeli isiyokunjika saa za msongamano kuelekea London asubuhi na kutoka London jioni, kwa hiyo soma masharti ya treni yako kabla hujafika getini.

Hatua ya 2: Soma rangi za ramani

Bluu ni motowei, baiskeli hairuhusiwi kabisa. Zinazoanza na herufi A zina rangi nzito, kijani au nyekundu, unaruhusiwa nyingi lakini huzitaki. Machungwa ni barabara za B. Njano ndo zako, na njano nyembamba, zile zisizofika mita 4 upana, ndo dhahabu yenyewe. Nyeupe iache kwanza, inaweza kuwa njia ya kuingia shambani kwa mtu na ikaishia kwenye geti lililofungwa.

Kosa kubwa la wageni ni kudhani B ni salama kuliko A. Sio lazima iwe hivyo. B nyingi ni nyembamba kuliko A, hazina nafasi pembeni, lakini kasi inayoruhusiwa ni ileile. Mi B natumia kwa mita mia chache tu za kuunganisha njano na njano.

Angalia pia vistari vilivyokatwakatwa, vya kijani kwenye Explorer na vya pinki kwenye Landranger. Vifupi ni njia ya waenda kwa miguu, huna haki ya kupita na baiskeli. Virefu ni njia ya farasi, hiyo baiskeli imeruhusiwa tangu sheria ya mwaka 1968, ila lazima uwapishe wenye farasi na watembea kwa miguu, na mara nyingi ni udongo mtupu, mvua ikinyesha ni kama shamba la mpunga.

Hatua ya 3: Jiulize gari inaenda wapi

Hapa ndo penye kazi, usiharakishe. Weka kidole kwenye miji miwili iliyo karibu kisha jiulize, mtu wa hapa akitaka kwenda kazini kule atapita wapi? Kama barabara ya njano imenyooka kutoka mji mmoja mpaka mwingine, au inakimbia sambamba na barabara ya A yenye foleni, jua hiyo ni njia ya mkato, saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni itajaa watu wenye haraka. Kama barabara ya njano inapinda kwenda kwenye kijiji chenye kanisa na nyumba kumi, halafu inapinda tena kurudi nyuma kidogo kabla ya kuendelea, mwenye gari ataiona ni kupoteza mafuta. Hiyo ndo yako.

Alama nyingine nzuri ni kibao cha kuonya kwamba barabara haifai kwa malori makubwa, na vibao vya kijani vya Quiet Lane, yaani barabara tulivu, ambavyo baadhi ya halmashauri zimeweka, Norfolk na Suffolk wanavyo.

Shangazi yangu alikuja kunitembelea akauliza mbona tunazunguka hivi wakati kijiji tunakiona palepale. Nikamwambia shangazi tulia. Saa nzima ile tulipitwa na gari tatu.

Hatua ya 4: Chora kwenye programu halafu ikague

Ukishajua eneo, tumia programu inayoelewa baiskeli. cycle.travel inapenda barabara zenye gari chache, mi naanzia hapo. CycleStreets inakupa njia tatu, ya haraka, ya kati na tulivu, we chukua tulivu. Komoot nayo inatumika sana. Pakua faili la GPX, yaani faili lenye njia uliyochora, na uhifadhi ramani kwenye simu, kwa sababu mtandao kule unakatika hovyo.

Ila usiiamini programu yoyote asilimia mia. Mwaka fulani nilifuata mstari wa simu karibu na Thaxted, Essex, ukanitoa kwenye lami ukanipeleka kwenye njia ya trekta, na trekta lilikuwa limepita asubuhi ile baada ya mvua ya usiku. Udongo wa pale ni mfinyanzi, ulijaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, nikabeba baiskeli begani karibu kilomita nzima. Ningefungua ramani ya karatasi dakika moja tu ningeona pale njano imeisha.

Mtandao wa taifa wa njia za baiskeli, vile vibao vya bluu vyenye namba kwenye kiboksi chekundu, unasaidia, lakini kuwepo kwa kibao hakumaanishi barabara ni tulivu. Mwaka 2020 wasimamizi wenyewe waliondoa karibu robo ya mtandao huo, na sehemu nyingi zilizotolewa zilikuwa barabara ambazo hazikuwa salama vya kutosha.

Hatua ya 5: Tembea barabara kwa macho

Fungua picha za barabarani za Google, dondosha yule mtu mdogo wa njano kila kilomita mbili tatu. Unatafuta kitu kimoja, mstari mweupe wa katikati. Kama upo, barabara ni pana na gari zinapishana bila kupunguza mwendo. Kama haupo, vizuri. Kama katikati ya lami kumeota majani na kokoto zimejikusanya kwa mstari, basi hapo magari ni ya kuhesabu, maana tairi zinapita pembeni tu na katikati hapaguswi. Mi nikiona majani yale moyo unatulia. Lakini usiendeshe juu yake, kokoto zinateleza na chini yake kunaweza kuwa na shimo.

Hatua ya 6: Kagua pale unapovuka barabara kubwa

Hakuna mzunguko usiovuka A hata mara moja, na pale ndo hatari ya siku nzima ilipo. Kuvuka moja kwa moja ni rahisi, unasubiri unavuka. Shida ni pale barabara yako ya njano inapoendelea upande wa pili lakini sio mkabala, imesogea mita hamsini. Uingereza tunaendesha kushoto kama nyumbani, kwa hiyo fikiria hivi:

- Ukikata kulia kuingia A, halafu kushoto kutoka, ni sawa. Unasubiri kwenye mdomo wa barabara yako ukiwa salama mpaka pande zote mbili ziwe wazi, unaingia, unatoka kushoto bila kumkatiza mtu.
- Ukikata kushoto kuingia, halafu kulia kutoka, hiyo ni mbaya. Utajikuta umesimama katikati ya A unasubiri upande wa pili upungue huku gari za nyuma zinakuja kwa kasi. Hapo shuka, tembea kwenye nyasi za pembeni mpaka mkabala na barabara yako, ndo uvuke kwa miguu.

Kuna wanaoona aibu kushuka. Usione aibu, mi nashuka kila mara.

Kipilefti kikubwa chenye njia mbili au tatu kiondoe kabisa kwenye ramani yako, hata kama ni kuongeza kilomita nne.

Hatua ya 7: Pima umbali na vilima

Mara ya kwanza kilomita 30 zinatosha. Mwendo wako utakuwa kilomita 15 kwa saa hivi, ukijumlisha kusimama kuangalia ramani na kula, ni nusu siku nzuri.

Kwenye ramani ya OS kuna vimshale juu ya barabara. Kimshale kimoja ni mwinuko wa kati ya asilimia 14 na 20, viwili ni zaidi ya asilimia 20. Kimoja utapanda kwa shida, viwili utatembea. Utulivu na urahisi ni vitu tofauti, kule Cumbria kuna barabara ya mlimani ya Hardknott Pass inayofika karibu asilimia 33, wewe mgeni hutaki. Na Devon barabara zimezama kati ya kuta za udongo na miti, huoni mbele wala pembeni, iache mpaka uzoee.

Hatua ya 8: Chagua saa na msimu

Jumapili kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nne ni wakati bora kuliko wote. Barabara ileile saa nane mchana ina watu wanaotafuta baa za chakula.

Mwezi wa nane ni mavuno, matrekta yenye matela ya ngano yanajaza upana wote wa barabara. Kuanzia mwezi wa tisa wakulima wanakata ua zao za miti, na miti yenyewe ina miiba kama michongoma ya kwetu, vipande vinabaki kwenye lami na tairi lako ndo linaviokota. Mashariki, Norfolk na Suffolk, kuanzia vuli ni zamu ya kuvuna viazisukari, mizizi ya kutengenezea sukari, matope yanamwagwa barabarani na yakilowa yanateleza kama sabuni. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na vijibarabara hivi haviwekwi chumvi, barafu inakaa kwenye kivuli mpaka mchana. Mwezi wa tano na wa sita ndo raha yenyewe, mwanga upo mpaka saa tatu usiku na kingo zote zimejaa maua meupe.

Hatua ya 9: Ukiwa barabarani

1. Usibanane na ukingo wa kushoto. Sheria za barabarani za huku zinakuruhusu kukaa katikati ya upande wako kwenye barabara tulivu, halafu ukiona ni salama kumpisha wa nyuma unasogea.
2. Kibao cha duara jeupe chenye mstari mweusi wa kukatiza hakimaanishi mwisho wa hatari. Kinamaanisha gari inaruhusiwa maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97, hata kwenye kijia cha upana wa gari moja. Wengi hawafiki huko, ila kwenye kona isiyoonekana shika breki na sikiliza, masikio yatakuambia kabla ya macho. Toa spika za masikioni.
3. Ukikuta farasi, punguza, ongea kwa sauti kabla hujamfikia, sema habari za asubuhi tu, mpite taratibu ukimwachia mita mbili. Usipige kengele nyuma yake.
4. Trekta likija, simama kwenye mdomo wa geti la shamba liache lipite. Nyanyua mkono. Watu wa vijijini wanajali sana huo mkono, na yeye atanyanyua wake.
5. Ndege wale jamii ya kwale wenye mkia mrefu wanaruka ghafla kutoka kwenye majani, na asubuhi kuna wanyama wanaofanana na swala, wanaitwa deer. Akivuka mmoja subiri, wa pili yuko nyuma.

Mfano wa mzunguko: Sudbury, Suffolk

Huu nampa kila anayeanza. Ramani ni Landranger 155. Unashuka stesheni ya Sudbury, reli inaishia pale. Unatoka kuelekea Acton, kisha Lavenham, halafu Preston St Mary, Kettlebaston, Chelsworth, unavuka A1141 kwenda Lindsey, unashuka Kersey, na kurudi kupitia Groton na Edwardstone. Ni kilomita kati ya 40 na 50 kutegemea unavyokata kona, kwa hiyo kama ndo kwanza unaanza ishia Lavenham na urudi kwa Acton. Kutoka na kuingia Sudbury kuna magari, usishtuke, yanapungua haraka. Milima hakuna, sehemu ya juu kabisa ya Suffolk nzima haifiki mita 130, ni viinuko vya kupanda na kushuka tu.

Lavenham ilitajirika kwa kitambaa cha sufu cha rangi ya bluu, na ukiona kanisa lao lilivyo kubwa kwa kijiji kidogo vile utaelewa hela ilikuwa nyingi kiasi gani. Nyumba za mbao zimeinama mbele kama zinasikilizana. Kersey nayo jina lake lilipewa kitambaa, ila mi nakupeleka pale kwa sababu ya drifti. Mtaa wenyewe unashuka mteremko mkali, na chini kabisa kijito kinapita juu ya barabara, bata wanaogelea katikati ya njia na gari inabidi iwasubiri. Shuka kwenye baiskeli kabla hujafika majini. Chini ya yale maji lami ina ukungu wa kijani, gurudumu la mbele likiugusa hata ukiwa taratibu linaondoka. Pita pembeni kwa miguu, kaa kidogo, kunywa maji, angalia kanisa juu ya kilima upande wa pili, halafu jiandae maana unapanda.

Ukipata shida

*Pancha.* Kabla hujaweka tyubu mpya pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote. Mwiba wa ua wa miti unabaki umejificha kwenye mpira, usipoutoa tyubu ya pili inakufa baada ya mita mia, na hapo ndo utajua kwa nini nilisema mbili.

*Simu imezima au mtandao hakuna.* Toa karatasi. Kwenye makutano kuna nguzo za vibao vyenye jina la kijiji na umbali kwa maili. Kumbuka maili moja ni kilomita 1.6, usijidanganye umekaribia.

*Umejikuta kwenye barabara yenye magari mengi.* Usikaze kuendelea ukidhani itaisha. Ingia geti la kwanza la shamba, simama, tafuta njano ya karibu, hata kama inakurudisha nyuma.

*Barabara imefungwa.* Mara nyingi baiskeli ya kusukuma inapita, waulize mafundi kwa heshima. Wakisema hapana, geuza.

*Kokoto mpya zimemwagwa na kuna kibao cha maili 20.* Wanaweka lami upya. Achia kanyagio, usikate kona ghafla, na gari ikikupita geuza uso.

*Njaa.* Jikoni za baa nyingi zinafunga saa nane au nane na nusu mchana, na duka la kijiji jumapili linaweza kuwa limefungwa kabisa. Kula kabla ya hapo, weka ndizi na karanga mfukoni.

*Umeanguka na unahitaji msaada.* Piga 999 au 112, taja kijiji cha karibu. Pale ambapo sauti haipiti ujumbe unaweza kupita, lakini lazima uwe umejiandikisha, kwa hiyo leo ukiwa bado nyumbani tuma neno register kwenda 999 kutoka kwenye simu ya Uingereza na ufuate maelekezo yatakayorudi.

*Giza limekukuta.* Washa taa zote, tafuta stesheni ya karibu hata kama sio uliyoanzia, rudi kwa treni.